Siku Watu Walipovuka Kamba

Maximilian alikuwa mshereheshaji. Kuanzia Nachingwea mjini hadi vijiji vya Ruangwa, harusi isiyo na sauti yake watu waliiona imepooza. Kwa hiyo vijana wa kijiji kimoja upande wa Likunja walipoandaa mbio za kupanda kilima cha Nandenga, walimwita yeye na spika zake.

Asubuhi ya mbio, akiwa bado anaunganisha nyaya, alifuatwa na mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, buti za mvua miguuni. Huyo ndiye Bi Amna, mwenyekiti wa kamati ya msitu wa kijiji. Alimwonyesha uwanja mdogo uliofyekwa, watakaposimama watazamaji. Kati ya uwanja huo na utepe wa kumalizia mbio kulikuwa na mteremko uliozungushiwa kamba ya katani. Wanawake wa kamati walikuwa wamepanda hapo miche ya mipingo, na majani ya kushika udongo usiporomokee kwenye chemchemi ya kijiji.

"Humu asikanyage mtu," alisema. "Sisi tuko wachache, na watu watakuwa wengi. Mwenye sauti ni wewe, mwanangu. Wakianza kusogea, warudishe."

"Mama, niachie mimi. Leo hata kuku havuki."

Na kweli, mwanzoni aliwakumbusha watu mara kwa mara. Lakini jua lilipanda, wakimbiaji wakachelewa, na wageni waliokaa chini ya turubai wakaanza kupiga miayo. Maximilian hakuna kitu alichokiogopa kama umati uliolala. Msichana wa Mkotokuyana aitwaye Brigita alipochomoza peke yake, akiwa amewaacha wote nyuma, watu walipiga makofi machache tu, kwa mbali. Damu ikamchemka Maximilian.

"Mbona mmesimama huko kama mko msibani?" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Sogeeni! Sogeeni mumpokee binti yenu!"

Kamba haikuchukua muda kuanguka. Watu walimiminika mteremkoni wakipiga vigelegele, wakubwa kwa watoto. Bi Amna alikimbia akasimama mbele yao, mikono ameitanua, nao wakampita kushoto na kulia.

"Rudini! Jamani, rudini!" Maximilian alipiga kelele. Walicheka. Walidhani ni mzaha wake mwingine.

Mbio zilipokwisha, wageni walimshika mkono wakimsifu kwamba ameichangamsha siku. Kule mteremkoni alimwona Bi Amna amechuchumaa, anaokota miche iliyovunjika na kuilaza kwenye kanga yake. Alitaka kumfuata. Badala yake alikunja nyaya, akapakia vyombo kwenye pikipiki, akapita njia ya nyuma asikutane naye.

Nyumbani alimkuta mkewe, Dafrosa, akitazama video ya mbio kwenye simu. Sauti ya Maximilian ilisikika wazi: Sogeeni! Pembeni mwa picha alionekana mwanamke aliyetanua mikono.

"Masikini, huyu mama ni nani?" Dafrosa aliuliza.

"Simjui," alisema Maximilian.

Ugali ulipoletwa, alinawa mikono, akaishia kuutazama.

Kesho yake alirudi Nandenga na jembe, na miche aliyoinunua Nachingwea. Mteremko ulikuwa umeshindiliwa kama zizi la ng'ombe. Bi Amna alikuwa anafunga upya kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka jembe chini. Ardhi imekanyagwa vya kutosha. Tutapanda mvua zikianza."

"Basi nigombeze, mama."

"Nikugombeze ili wewe upumue?" Hakuinua sauti. "Watu wameshajua kwamba hapa panapitika. Tangu asubuhi wanakatiza tu. Kama unataka kazi, nenda kawaambie waache."

Akazunguka na spika yake. Kituo cha kwanza kilikuwa gulio la Likunja. Alitangaza kama anavyotangaza mambo ya watu wengine: wananchi mnaombwa msikatize mteremko wa Nandenga, miche imeharibiwa. Mzee mmoja muuza ufuta akamkatisha.

"Si wewe ndiye uliyetuita?"

Watu wakageuka.

"Ni mimi," Maximilian alisema kwenye kipaza sauti. "Niliombwa niwazuie, nikawaita. Mama aliyeniomba mlimwona amesimama pale, na mimi nilimwona."

Wengine walicheka. Wengine waliinamisha vichwa, maana nao walikuwemo. Akayasema hayo hayo Narung'ombe na vijiji vingine, na hakuna mahali yalipomwia mepesi.

Watu waliacha kukatiza, ingawa si wote. Lakini mvua za kwanza zilikuta mteremko mtupu, udongo ukashuka chemchemini, na wanawake wakawa wanafuata maji mbali, kwenye kisima cha shule. Siku ya kupanda, Maximilian alikwenda bila kuitwa. Walimwonyesha mstari wake, mwisho kabisa, akachimba pamoja nao mpaka kiuno kikauma.

Wakati wa kupumzika, Bi Amna alichota maji ya chemchemi kwenye kikombe cha plastiki, akampa. Yalikuwa mekundu kwa udongo.

"Hayajatulia," alisema. "Labda mwakani."

Maximilian aliyapokea kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama usoni. Akanywa.