Pango Ambalo Halimo

Maji yalianza kunguruma nyuma ya ukuta kabla sijafumbua macho.

"Nani kaacha bomba wazi?" mama alifoka kutoka jikoni. "Maji yenyewe ya kubembeleza, halafu mtu anayamwaga tu!"

Hakuna aliyeacha bomba. Nilisukuma mlango wa chumba cha dada, nikamkuta kajikunyata mbele ya kompyuta. Kwenye kioo maporomoko yalikuwa yakimwagika ndani ya pango la mawe ya kijani.

"Ndilo hilo?" nikauliza.

"Ndilo. Na usiniambie nipunguze sauti, mama keshaniambia."

Dada huchora mapango. Yuko kwenye kampuni ya kutengeneza michezo ya video, na kazi yake ni kuchora mahali ambapo msaka hazina atashuka, atanyata, atakwepa mishale na kutoka akiwa tajiri. Pango hili lilimnyima usingizi kwa miaka. Kisha, gemu likiwa karibu kuingia sokoni, wakubwa wakalikata. Gemu likatoka bila pango.

Sasa tuje kwa wahakiki wetu wa michezo ya video. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nawadharau kwa karibu. Gemu hilo nimelicheza mpaka mwisho, na ni gemu la kuokota: okota sarafu, okota kinyago, piga mtu ngumi, okota tena. Lakini yule tunayemwita Profesa, kwa sababu ya miwani na si kwa sababu nyingine yoyote, alilipatia maksi tisa kwa kumi na kuandika kwamba pango la maporomoko ndilo kilele cha safari nzima. Mwingine akasema pango lilimtoa machozi. Wa tatu, ambaye tangu nimfahamu hajavuka hatua ya pili ya gemu lolote, akajisifu kwamba alirudi pangoni mara kadhaa. Alirudi wapi? Pango halimo! Walinakili kijitabu cha matangazo kilichogawiwa kabla ya pango kukatwa, kisha wakaweka majina yao juu. Watu wazima, wamevaa vitambulisho vya kazi shingoni, wanalizwa na picha.

"Leo nawaanika," nilimwambia dada. "Makala iko tayari."

"Isitoke leo."

"Kwa nini?"

"Mchana wakubwa wanakutana. Wamesoma hizo sifa, wamechanganyikiwa. Wanataka pango lirudi kwenye nyongeza ya gemu. Ukisema hawa watu wameongopa, nani atalirudisha?"

"Kwa hiyo unataka kubebwa na waongo?"

"Nataka pango langu lichezwe, mdogo wangu. Wewe unataka nini? Mimi niheshimiwe, au Profesa aaibike?"

Nilikuwa nataka Profesa aaibike, na dada alijua.

"Halafu hata wewe hujalicheza," akasema, akanitupia padi ya kuchezea. "Kaa hapo, mkali wa kalamu."

Nikakaa. Nilimteremsha msaka hazina mpaka chini, nikambebesha sanduku la dhahabu, nikamwingiza majini apande juu. Akazama. Nikarudia, akateleza, akazama tena. Nikatukana, mama akauliza kutoka jikoni kama nimeng'atwa.

"Sanduku ni zito," dada alisema bila kunitazama.

"Naona ni zito. Sasa natokaje nalo?"

"Hutoki nalo."

Nikaliachia. Likashuka gizani likimeta, na yule mtu akapaa mpaka juu, mikono mitupu, akajitupa mwambani akihema. Hakuna tarumbeta, hakuna maksi zilizolundikana. Alihema tu. Katika gemu lote lile la kuokota, hapa ndipo nilipotakiwa kufikiri kwa mara ya kwanza.

"Wakubwa walisema, nani atanunua gemu la hazina ili aitupe hazina?" dada akasema.

Nikatoa simu. "Ulisoma alichoandika Profesa mpaka mwisho?"

"Nilisoma mstari wa kwanza, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu, nikaacha."

Nikamsomea: "'Hakuna raha kama kuchomoka kwenye maporomoko yale na sanduku la dhahabu begani.' Na huyu wa machozi: 'Dhahabu yote niliitoa!' Ndivyo picha ya kijitabu inavyoonyesha."

"Ile picha walichora watu wa matangazo," akasema taratibu.

"Basi leo wakubwa watarudisha pango gani?"

Dada aligeukia kioo. Alimtazama yule mtu anayehema mwambani.

"Wataniambia nilipunguzie sanduku uzito," akasema, akacheka kicheko kikavu. "Na nimnenepeshe mabega." Kisha akanigeukia. "Andika. Itoke kabla hawajaketi. Wakilikataa, walikatae hili hili. Lakini usinisifu kindugu, sitaki Profesa mwingine humu ndani."

"Ule ukingo wa kushoto unateleza bila sababu. Nimekufa pale kwa kosa lako, si langu."

Akanikazia macho mpaka nikajua padi inakuja kichwani.

"Unateleza kweli?"

"Vibaya sana, dada. Nitaandika kwamba pango halimo. Nitaandika kwamba anayejisifu kutoka na sanduku hajawahi kuingia. Na huo ukingo wako nao nitauandika. Nakuahidi, sitakupunguzia hata neno moja."