Anord wa Sayari ya Nane

Pedi ya kuchezea gemu ilikuwa moja na wao walikuwa wawili, kwa hiyo Saumu na bibi yake walizoea kukaa mkekani bega kwa bega, kila mmoja ameshika upande wake. Saumu alishika kushoto, penye kifimbo cha kumtembeza askari. Bibi Mwanahawa alishika kulia, penye kitufe cha kufyatulia risasi. Hivyo ndivyo walivyoilinda Sayari ya Nane dhidi ya wadudu wa chuma kwa miaka kumi na mmoja, tangu mjomba Athumani alipoileta ile mashine kuukuu kutoka gulioni Lushoto, ikiwa na sidii moja tu ya gemu, ya bei ya kutupa, yenye mikwaruzo kama goti la mtoto.

Askari mwenyewe alivaa chuma mwili mzima na kutembea amekakamaa. Bibi alimpa jina la Anord, fundi baiskeli wa pale Mponde, ambaye siku aliyovaa viatu vipya alitembea vivyo hivyo.

Saumu alipokwenda chuo cha ualimu, kila likizo Bibi alimpokea kwa neno lile lile. "Anord hajapiga hatua tangu uondoke." Naye Saumu, kabla hata ya kufungua mzigo, aliketi upande wake wa kushoto.

Sasa alikuwa amepangiwa shule Mpanda, na safari ilikuwa Jumatatu. Kilichomkaa rohoni ni kimoja: akiondoka, nani atamtembeza Anord? Magoti ya Bibi yalikwisha kuukataa mteremko wa shamba, na mchana wa Mponde, ukungu ukishuka, ni mrefu kwa mtu aliye peke yake. Saumu hakuwa hodari wa kusema maneno kama hayo. Alichoweza, Jumamosi ile baada ya chakula, ni kumwekea Bibi pedi nzima mikononi.

"Leo utamtembeza mwenyewe, Bibi."

"Mimi? Na wewe mke mwenzangu utafanya nini, uoze hapo kama parachichi?"

"Nitakutazama. Sukuma kifimbo, taratibu."

Bibi akasukuma. Anord akagonga ukuta, akarudi nyuma, akaugonga tena palepale.

"Geuka, Bibi, geuka!"

"Nigeuke mimi au yeye?"

Wadudu wakamla Anord. Wakamla mara sita.

"Basi," Bibi akasema, akiisukuma pedi. "Mkono wangu wa kushoto mzito. Nimezaliwa nao hivyo. Wewe mwalimu mzima huoni kwamba mwanafunzi ameshindwa?"

Saumu alicheka kidogo, akainuka. Akasema anakwenda kwa Rahabu fundi cherehani kuchukua begi lake lililobadilishwa zipu.

Akakuta mlango wa Rahabu umefungwa. Mwenyewe amekwenda harusini. Akarudi kwa njia ya mkato, katikati ya michai, na alipokaribia dirisha la nyuma akasikia risasi. Alidhani mashine imejiendesha. Akachungulia.

Bibi alikuwa peke yake, miguu kainyoosha, pedi nzima mapajani. Na Anord alikuwa anakwenda! Alishika mstari, akapiga kulia, akapiga kushoto, wala hakurudia alipokwisha kupita. Wadudu wakubwa aliwamaliza. Wadogo aliwaruka, kama mchumaji anavyoliacha jani changa lingoje raundi ijayo. Saumu aliijua kazi ile. Miaka thelathini Bibi alichuma chai kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto sawasawa, majani mawili na chipukizi, bila kuangalia vidole. Na yeye, pamoja na cheti chake cha ualimu, alikuwa ameuamini ule mkono mzito!

Anord akafika kwenye daraja la moto, ambalo wao wawili hawakuwahi kulivuka hata siku moja. Akalivuka bila papara, kama mtu aendaye dukani.

"Haya," Bibi akamwambia. "Yule mtoto akirudi, usijitie kujua. Uanguke kama kawaida."

Saumu akaondoka dirishani kwa ncha za vidole. Akazunguka hadi mbele, akaipiga teke ndoo tupu ikalia uwanja mzima, ndipo akaita, "Hodi! Hodi ndani!"

"Karibu! Mbona upesi hivyo?"

Alipoingia, Anord alikuwa mwanzo kabisa wa gemu, anagonga ukuta.

"Unamwona? Tangu uondoke hajapiga hatua," Bibi akasema, na jasho linamtoka puani.

"Sogea, mke mwenzangu," Saumu akasema.

Bega likakutana na bega. Saumu akashika kushoto, wakaenda, mpaka wakafika darajani.

"Kushoto kidogo, pale penye jiwe..." Bibi akaanza, kisha akafunga mdomo.

"Umejuaje, Bibi?"

"Nakisia tu. Kwani kukisia ni dhambi?"

Saumu akainamisha uso ili usionekane. Anord akateleza, akatumbukia motoni, na Bibi akajipiga paja kwa furaha.

"Loo! Angalau tumefika mbali. Peke yangu ningekuwa bado ukutani."

"Kweli kabisa, Bibi," Saumu akasema. Begi lilikuwa bado kwa fundi, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuliogopa, wala safari ya Jumatatu. Akabonyeza kitufe, wakaanza upya.