Kinyonga Aliyeletewa Jua

Tanga hajapata kutokea mtu wa kulalamika kwamba joto halitoshi, isipokuwa Esmailji. Alikuwa na duka Ngamiani, na katika miaka ile ya sabuni kwa foleni na sukari kwa kujuana, kabati lake kubwa la vioo lilikaa tupu likionyesha vumbi. Milango ya biashara ilipofunguliwa, Esmailji alitoka kwenye dhiki ile na imani moja tu: kitu kisicholipiwa ushuru hakifai.

Mkewe, Mehrunissa, alifuga kinyonga. Alimwokota uani wiki ile mwanawe Kumail alipohamia Uingereza, akamwita Bwana Taratibu. Majirani walinung'unika, maana kwao kinyonga ni wa kukimbiwa, si wa kupewa jina. Lakini nyumba ilikuwa imezizima kwa ukimya, na Bwana Taratibu alimgeuzia walau jicho moja kila alipoongea. Mumewe hata hilo moja hakumpa.

Kumail aliposikia, akatuma taa maalumu ya kumpasha joto mnyama, pamoja na barua ya kurasa mbili. Esmailji alisoma ukurasa wa kwanza, unaosifu taa. Wa pili, wenye maonyo, aliutumia kumfungia mteja bizari. Mikono iliyozoea uhaba wa karatasi haiombi ruhusa. Kisha akachukua lile kabati la vioo, akatia tawi, akaning'iniza taa ndani na kumfungia kinyonga humo.

"Baba Kumail, utambanika huyo," alisema Mehrunissa. "Jua si lipo hapo nje?"

"Lile ni la bure, mama Kumail. Hili limetoka Ulaya."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya tatu mwenyeji alikutwa amekumbatia globu, kwani kinyonga hupanda mpaka juu panapoishia, na mgongo wake ulikuwa umetoka lengelenge. Mehrunissa alilia palepale dukani, mbele ya magunia ya mchele. Mwanawe alikuwa ametuma huruma, na baba mtu kaigeuza jiko.

Esmailji alikuwa ameenda kuswali Ijumaa. Mehrunissa akampaka mgonjwa asali, akamweka kwenye mkomamanga uani, nusu juani nusu kivulini, akauzungushia waya wa kuku na kutundika kopo lililotobolewa lidondoshe maji majanini. Kabatini aliacha tawi na taa. Akakaa kungoja ugomvi.

Ugomvi haukuja. Esmailji alirudi, akachungulia kiooni, akaridhika.

"Amefanana na tawi kabisa," alisema. "Unaona joto zuri linavyomkomaza?"

Mehrunissa akaenda uani kujaza kopo maji.

Wiki iliyofuata Luqmani, mvuvi wa Tongoni, alikuja kununua nyuzi za nyavu, akaburutwa mpaka kabatini. Aliinama huku mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia.

"Mie sioni kitu, Bwana Esmailji."

"Ndiyo ubora wake huo. Yule wa porini ungemwona."

Uani, Bwana Taratibu alidaka panzi. Kidonda kilikuwa kinakauka. Mehrunissa alimtazama mpaka akameza, ndipo akachukua kalamu amjibu mwanawe.

"Taa imefika salama," aliandika. "Baba yako anaipenda mno, haizimi. Kinyonga hajambo, namlea mwenyewe. Na lile kabati letu la vioo, unalikumbuka? Bado tupu, ila siku hizi lina umeme."