Hollis Amempita Lyle

Kila Jumamosi asubuhi mimi na mume wangu Lyle tunashuka kwenye gari pamoja, tunaficha ufunguo juu ya tairi, kisha tunaachana. Yeye anaingia Korongo la Tarrant kwa njia ya mtoni, mimi napandia upande wa bahari, na kwa kuwa njia ni mduara, lazima tukutane. Tukikutana tunagongana mabega bila kusimama, kila mtu anashika hamsini zake. Mtu akiniuliza siri ya ndoa yetu, ni hiyo. Tukikimbia pamoja, mimi namwona ana haraka, yeye ananiona namchelewesha, na chai ya asubuhi inanywewa kwa kununiana.

Wakati wa baridi walimwekea kijibomba kwenye mshipa wa moyo. Miezi yote hiyo alizunguka nyumbani akibadilisha balbu ambazo hazijaungua. Wiki hii akarudi kutoka kwa daktari akasema ameruhusiwa kukimbia. Nilimwuliza, nikamwuliza tena.

"Bettina, acha kunipekua," akasema. "Mimi si begi la uwanja wa ndege."

Basi tukaachana pale kwenye gari kama zamani, nikakimbia, lakini bila raha hata kidogo. Miguu ilikuwa njiani, akili ilikuwa kifuani kwa Lyle. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini na kila kona nilitarajia kuona kofia yake nyekundu ikitokea. Nilifika kwenye benchi la kileleni, ambako miaka yote yeye hufika kabla yangu, nikalikuta tupu. Nikajiambia mtu aliyetoka kuugua ana haki ya kuchelewa. Nikaanza kuteremka upande wa mtoni.

Hapo nikakutana na jirani yetu Hollis akipanda, anatweta, uso umemwiva.

"Bettina! Nimempita mzee wako! Nimempita Lyle! Andika tarehe!"

"Umempita wapi?"

"Pale chini, kwenye daraja la mbao. Yuko nyuma yangu, utamkuta sasa hivi. Mwambie bia za leo ananunua yeye."

"Alikuwa anakimbia?"

"Wee, nigeuke kuangalia? Ningegeuka angenipita!"

Akaenda zake anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Hollis ana kitambi, ana magoti mabovu, na tangu nimfahamu hajawahi kumpita Lyle hata kwenye foleni ya chakula. Kama Hollis amempita, basi Lyle ana jambo.

Niliteremka kwa fujo, mawe yakiniponyoka chini ya viatu. Nikafika darajani. Hakuna mtu. Nikaita. Nikachungulia chini ya daraja, nikaita tena. Simu haishiki humo ndani, kwa hiyo nilikuwa na koo tu. Njia ni moja, haina mchepuko. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili vichaka mpaka mtoni. Mtu hapotei hapo, mtu anaanguka.

"Lyle! Kama unanisikia nijibu!"

Walinijibu kware. Nikawaza labda amejisikia vibaya akageuza, nikakimbia mpaka kwenye gari. Ufunguo ulikuwa pale pale juu ya tairi. Niliusukuma nyuma kwa kidole kana kwamba wenyewe ndio wenye makosa, nikageuka, nikaingia korongoni tena kwa njia yake yeye. Nilikuwa nalia na kukimbia, vitu viwili visivyopatana kabisa. Nilipita daraja, nikaanza kupanda, na juu yangu, kwenye kona, nikaiona kofia nyekundu.

Alikuwa anatembea. Mkono mmoja kiunoni, taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia sanduku la barua.

"Ulikuwa wapi?" nikamfokea.

"Njiani."

"Usinitanie, Lyle! Nimepita hapa, nimeita mpaka nimekauka koo!"

Akatazama viatu vyake. Nami nikavitazama. Miguu ilikuwa na mikwaruzo, na kwenye soksi yalikuwa yamenasa majani matatumatatu, mekundu, yanang'aa. Mwaloni sumu, ule ukikugusa tu ngozi inawasha na kutoka upele. Huku kwetu mtoto anaujua kabla hajajua kusoma, na Lyle ndiye anayewagombeza wageni wasiusogelee.

"Umeingia kichakani," nikasema.

"Nilikusikia unakuja. Daktari hajaniruhusu kukimbia, Bettina. Amesema nitembee. Hollis alishaniona, nikasema wewe usinione. Nikaingia."

"Mle? Kwenye upele mtupu?"

"Sikuwa na muda wa kuchagua."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. "Na nilipokuita?"

Akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

"Lyle. Nilipokuita, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Sauti yako ilipobadilika nikataka kutoka. Lakini aibu ilikuwa imeshakuwa kubwa. Nitoke kichakani nikuambie nini?"

"Uniambie uko hai!"

Nilinyanyua mkono nimpige kifuani. Nikakumbuka kilichomo humo, na mkono ukabaki hewani, sijui niupeleke wapi.

"Napita kushoto!" Sauti ilitoka chini yetu. Binti mmoja alikuwa anakuja mbio, mwepesi, nywele zinaruka. Mimi nimewahi kumwona Lyle akisikia maneno hayo akaongeza mwendo mpaka akatapika. Hata sasa niliona mabega yake yakiinuka. Kisha akasogea pembeni, akaegemea mwamba.

"Pita, mwanangu," akasema. Halafu, bila kuulizwa na mtu: "Moyo wangu mbovu. Mimi natembea tu."

Binti akapunguza mwendo. "Pole, baba. Uko salama lakini?"

"Niko salama. Nipo na mke wangu."

Akapita. Lyle hakunitazama, masikio yalikuwa yamemwiva kuliko kofia.

"Tangulia," nikamwambia. "Kaa mbele yangu nikuone."

Akatangulia. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilikuwa nayo mpaka kileleni na kushuka upande wa pili hadi garini. Ila sikusema neno, maana nilitaka kumsikia anavyopumua.