Maksai wa Sixbert na Tarehe Nyingine

Kama kuna mtu aliyejua kuomba ahirisho, ni Calist wa Mungaa. Wengine wakiitwa mahakamani wanatetemeka; yeye alikwenda kama anayekwenda kuazima jembe kwa jirani. Anaingia, anavua kofia, anainamisha kichwa, anasema, "Mheshimiwa hakimu, naomba shauri hili liahirishwe." Na anapewa. Jamani, anapewa!

Mdai alikuwa shemeji yake, Anastazia, mjane wa mdogo wake Sixbert. Alichodai ni maksai wawili tu, wale ambao Sixbert aliwanunua kwa alizeti yake mwenyewe, akawalaza kwenye zizi la kaka yake kwa kuwa lake lilikuwa halijaisha kujengwa. Hawakuandikishana. Kumdai karatasi ndugu yako wa tumbo moja ni kumwita mwizi mbele ya watu, na Sixbert hakuwa mtu wa kumtukana kaka yake. Aliwakabidhi ng'ombe mbele ya mama yao, Elina, basi, yakaisha. Kisha Sixbert akafa, na Calist akasahau. Maksai wakaendelea kulima kwa Calist, na Anastazia na wanawe wakainamia jembe la mkono. Wakati yeye anahangaika kumaliza kulima, wenzake wameshaanza palizi.

Majirani walijua kwa kusikia, na ya kusikia mahakama haiyataki. Shahidi alikuwa mmoja, mama mkwe. Na huyo mama, ambaye ndiye aliyemzaa Calist, alisema wazi: "Nitakwenda. Nilimzaa mimi, nitamsema mimi." Alikuwa anaishi kwa Anastazia, miguu imevimba, pumzi inamkatika akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni. Calist alilijua hilo vizuri kabisa, ndiyo maana hakuwa na haraka.

Mara ya kwanza ilikuwa kipaimara cha mwanawe. Mara nyingine alikuwa na msiba Ihanja, wa mtu ambaye Anastazia alimkuta mnadani Issuna anachagua mbuzi, mzima wa afya. Hakimu alipoambiwa, alisema hayo si ya kujadili leo. Lakini ombi lililomkera Anastazia mpaka akashindwa kula lilikuwa lile la mwezi wa Pili.

"Mheshimiwa," Calist alisema, sauti imelegea, "mama yangu mzazi ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayemuuguza."

"Unamuuguza wewe?" Anastazia aliruka. "Lini? Tangu Krismasi hujakanyaga mlangoni kwangu! Hata uji hujamletea!"

"Mdai, kaa chini," hakimu alisema. "Mahakama nayo ina ubinadamu. Tarehe nyingine."

Ubinadamu! Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa anamwogesha mama, anamgeuza, anamfulia mashuka, halafu anaambiwa akae chini. Alirudi nyumbani njia nzima anaongea peke yake.

Akaona isiwe tabu. Tarehe iliyofuata aliazima mkokoteni wa punda, akatandika godoro, akamlaza mama mkwe, wakatoka alfajiri. Mama alifika amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na maneno yake alikuwa nayo. Calist alipomwona mama yake kwenye benchi alishtuka, akatoka nje mara moja. Aliporudi alikuwa amejifunga leso kuzunguka taya.

"Mheshimiwa, jino," alisema. "Siwezi kuongea." Kisha akaeleza kwa kirefu jinsi asivyoweza kuongea: limeanza lini, linachoma upande gani, mganga wa zahanati kasema nini.

"Mheshimiwa, msikilize mama tu," Anastazia aliomba. "Hali yake unaiona."

"Mdaiwa ana haki ya kumhoji shahidi," hakimu alijibu. "Kama hawezi kuongea, atamhojije?"

Mama Elina aliinua kichwa. Hakusimama, maana asingeweza. "Mwanangu hakimu," alisema, "ninyi mnaahirishiana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nani ataniahirishia?"

Karani alicheka. Hakimu hakucheka, lakini aliandika tarehe nyingine, akaipeleka hadi baada ya mavuno.

Mama hakuyamaliza mavuno; zilibaki siku chache tu. Alikufa Alhamisi, ameegemea kifua cha Anastazia, akazikwa Jumamosi. Na kule kaburini ungemwona Calist! Alilia mpaka akashikwa na wanaume wawili. Watu wa Mungaa wakasema, kweli mtoto kaumia. Anastazia hakulia. Alikuwa na masufuria motoni na watu wa kuwalisha, na hasira ilikuwa imemjaa hata machozi hayakupata njia.

Jumatatu ndiyo ilikuwa tarehe. Safari hii aliyekwenda kuomba ahirisho ni yeye, kwa mara ya kwanza tangu shauri lifunguliwe.

"Mheshimiwa, tumezika juzi. Matanga hayajaanuliwa. Naomba tarehe nyingine."

Calist alisimama, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi. "Napinga, mheshimiwa. Shauri hili limechelewa mno. Mimi niko tayari kuendelea."

Hakimu alimtazama Anastazia, tena bila ukali. "Nikikupa tarehe, utakuja na shahidi gani?"

Shahidi alikuwa mmoja tu, na wote mle ndani walijua alikolala.

Basi Calist akala kiapo, Biblia mkononi, akaeleza kwamba maksai wale ni wake, na kwamba marehemu mama yake, Mungu amlaze mahali pema, ndiye aliyekuwa akimwambia siku zote: wale ni wako, mwanangu. Nani angembishia? Hukumu ikatoka siku hiyohiyo, hata saa za chakula hazijafika. Madai hayakuthibitishwa.

Nje, Calist alikuwa anamngoja kando ya pikipiki yake.

"Shemeji, panda twende," alisema kwa upole kabisa. "Wageni wa msiba hawajala."

Anastazia alimtazama. Alitaka kumtemea mate. Alitaka kuvua kiatu ampige nacho mbele ya karani na askari, liwalo na liwe. Lakini wageni wale walikuwa wa mama, si wa Calist, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwapikia. Akakusanya kitenge chake, akapanda.