Lebo ya Usipa wa Ngumbo

Siku Mama Ephrasia wa kikundi cha wakaushaji usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, alipopiga simu kutoka Ngumbo, Avelina alikuwa chumbani kwake mjini Mbinga, anarekebisha nembo ya kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo mmiliki wake hajapata kumtia machoni. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za mvua, kahawa na ziwa. Kisha yule mama akaingia kwenye jambo lililomfanya apige.

"Mwanangu, kikundi kimekaa. Lebo ya usipa tunataka kuibadilisha."

"Hamna neno, mama. Naanza kesho."

"Si wewe. Binti yangu Jacqueline amemaliza chuo Songea, amesomea kazi hiyohiyo yako. Anaomba ile picha ya zamani aanzie hapo."

Avelina akasema ataituma. Alipolitafuta faili kwenye kompyuta, alilikuta limeandikwa "Usipa mwisho kabisa 7". Akacheka peke yake.

Miaka saba nyuma alikuwa na kompyuta ya mtumba na kona ya meza aliyoazimwa kwenye steshenari karibu na soko. Mama Ephrasia ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Alipanda kutoka ziwani na mfuko wa usipa wakavu, akauliza, "Ni wewe unayechora kwa mashine?" Avelina alichora siku hiyohiyo. Samaki alimtoa mtandaoni, mnene, wa rangi ya fedha, akamzungushia herufi za kumeremeta, akatuma kwa simu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Asante. Samaki huyu hatumjui." Akabadilisha, akatuma tena. Kimya. Ya tatu, ya nne, kimya kilekile.

Mwenye steshenari, Mzee Tobias, alimwona anavyoitazama simu kila dakika. "Mteja ana kwake," alimwambia. "Umeshafika?"

Kesho yake Avelina akashuka na gari la asubuhi. Hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Mapera, kwenye kahawa, na usipa alimjua sahanini tu. Aliwakuta kina mama wakianika kwenye vichanja, mikono yao inameta magamba. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kujitetea, lakini hakuna aliyemuuliza. Walimpa kazi ya kuchambua usipa, na alipokuwa amechuchumaa pale ndipo walipoanza kusema. Mmoja alitaka ziwa lionekane. Mwingine akasema ziwa kila mtu analo, liandikwe jina la Ngumbo kwa herufi kubwa. Kisha mama mmoja mwembamba, Gertruda, akauliza kwa sauti ya chini, "Mimi sijui kusoma. Nikiuona mfuko huo sokoni, nitajuaje kuwa ni wetu?"

Avelina akatoa penseli, akaokota usipa mmoja kichanjani, akamchora vilevile alivyo, mwembamba, jicho kubwa. Gertruda akainama akatazama.

"Huyu namjua," akasema.

Lebo ile ndiyo iliyomlea. Wakulima wa kahawa wa Mkumbi waliiona dukani, wakaulizia nani kachora, naye hakushika penseli mpaka alipopanda kwao na kunywa togwa yao. Kwaya ya Mapera ikamwita kwa ajili ya fulana. Siku zile aliyajua majina ya watoto wa kila mteja, na aliyefiwa alikwenda kumpa pole. Kisha zikaanza kuja kazi za mbali, za watu wenye haraka, na sasa mwaka wa tatu ulikuwa unapita hajashuka ziwani.

Kulituma faili kungechukua dakika moja. Avelina alikaa na simu mkononi, ana wivu, na wivu wenyewe anauonea aibu. Mwishowe akalitia faili kwenye flashi, akafunga chumba, akaenda stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe?" Mama Ephrasia alimshika mikono yote miwili. "Tuliogopa utakasirika."

"Nilikasirika. Njiani hasira imepungua."

Yule mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Jacqueline, msichana mrefu, alimwamkia akitazama chini, akaleta kompyuta yake. Walikaa barazani mchana kutwa. Avelina alimwonyesha rangi ipi hugeuka nzito ikichapishwa na karatasi ipi haipendi mafuta ya samaki. Dizaini mpya ya msichana hakuigusa, ingawa vidole vilimwasha. Ilikuwa safi, nyepesi kuliko yake, na jambo hilo lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja.

"Dada, uliwezaje kuelewana nao?" Jacqueline aliuliza. "Mimi mmoja wao ni mama yangu, na bado tunagombana."

"Wamekwambia nini kuhusu hii?"

"Bado sijawaonyesha. Nataka imalizike kwanza."

"Waonyeshe ikiwa mbichi," Avelina alisema. "Nenda nayo vichanjani. Na usiende mikono mitupu, chukua ungo."

Jacqueline akasita, kisha akaenda. Kutoka barazani Avelina alisikia sauti za kina mama zikipanda, wanabishana, kila mmoja na lake, na moyo wake ukawa mzito kwa kuzikumbuka siku zake.

Asubuhi Mama Ephrasia alimsindikiza hadi kwenye gari.

"Sasa kazi yetu huna. Utakuja kwa lipi?"

"Kuwasalimia."

"Basi uje Pasaka."

Pasaka ilipofika, alikwenda.