Daftari la Vilivyovunjika

Wanafunzi wananiita Bwana Usiguse. Wanadhani sijui. Nimetunza maabara ya kemia ya shule hii ya serikali kwa miaka ishirini na sita, na neno nililolitamka kuliko hata salamu ni hilo. Asidi, usiguse. Mizani, usiguse. Bureti zangu ndiyo kabisa. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye koki ndogo chini, wa kudondoshea asidi tone kwa tone, na nikimwona mtoto wa kidato cha tano ameushika kama mpini wa jembe, presha inanipanda.

Kila kinachovunjika nakiandika. Nina daftari jeusi lenye safu nne: tarehe, kifaa, jina la mvunjaji, na shule aliyosoma kabla ya kuja kwetu. Safu ya nne niliiongeza mwenyewe kwa ukorofi wangu, na ndiyo iliyoniponza.

Wiki ya barua za majibu ya kuingia kidato cha tano, dada yangu aliingia maabara bila hodi, binti yake nyuma yake. Dada ni mshonaji. Alikuwa ametoka mbio kiasi kwamba utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Akanibandikia barua kifuani.

"Soma, kaka. Soma kwa sauti."

Mpwa wangu alikuwa na A ya kemia, A ya fizikia na B ya hisabati. Barua ilisema: "Mwombaji aliyefanya mtihani mbadala wa vitendo hafikiriwi kwa mchepuo wa sayansi." Basi. Hapakuwa na neno jingine ila muhuri.

Mtihani mbadala ni wa shule zisizo na maabara. Wenzao wanashika bureti, wao wanachorewa bureti kwenye karatasi na kuulizwa wangeifanyia nini. Shule ya mpwa wangu ina chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni, na ndani mna madawati mabovu.

"Mtoto kanyimwa maabara miaka minne," dada alisema, "leo ananyimwa tena kwa sababu alinyimwa! Nani kaandika upuuzi huu?"

Nilisoma ile sentensi mara ya pili. Mara ya tatu nikatafuta kiti. Lile neno "hafikiriwi" nililijua vizuri. Lilikuwa langu.

Miaka kumi na miwili nyuma, msichana aliyetoka shule kama hiyo alivunja bureti tatu asubuhi moja. Nilipandwa na hasira, nikabeba daftari hadi kwa mkuu wa shule wa wakati ule. Alikuwa mtu wa mkato. "Niandikie sentensi moja," alisema. Nikaiandika palepale nimesimama, kwa kalamu yake, nikarudi kufagia vioo. Nilidhani itabandikwa ubaoni na kusahaulika. Kumbe karani aliinakili kwenye fomu ya maombi, na karani aliyemfuata akainakili kutoka kwa mwenzake.

"Nitaulizia," nilimjibu dada. Woga mtupu. Mpwa wangu alikuwa ameinama mbele ya kabati, mikono nyuma, akizitazama bureti kupitia kioo. Hata hivyo nusura nimwambie asiguse.

Walipoondoka nilifungua daftari nikaanza kuhesabu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwaka wa hasira zangu vilivunjika vifaa thelathini na vinane. Watoto wa shule zisizo na maabara walivunja saba, vitatu kati yake vya yule msichana. Vilivyobaki vyote ni vya watoto wetu, waliozoea vioo tangu kidato cha kwanza na wanavishika huku wanapiga soga. Mwaka uliofuata, milango ikiwa imeshafungwa, vilivunjika arobaini na kimoja.

Aibu ilinishika nikiwa peke yangu, na aibu ya namna hiyo haina pa kujificha.

Mkuu wa shule wetu wa sasa ni mama mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi, ana mwaka wa pili hapa. Nilimweleza yote, nikamwekea daftari mezani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi wazazi nawaambia hili ni agizo la wizara."

"Si la wizara, mama. Ni langu."

Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nimewarudisha watu na machozi yao kwa hasira za bureti tatu?" Akafunua kurasa. "Niambie kweli. Asingekuwa mpwa wako, ungekuja?"

Ningeweza kumdanganya. "Nisingekuja," nilisema.

"Basi hataingia kwa mlango wa nyuma. Waliokataliwa mwaka huu kwa sentensi yako ni tisa, na nafasi za sayansi zilizobaki ni nne. Tutawaita wote tisa. Watafanya jaribio hapa, mwalimu wa kemia atasahihisha, na wewe utaandaa meza na kunyamaza."

Nilipompelekea dada habari alishangilia, halafu macho yakamtulia. Namjua tangu anatambaa; nilijua linalokuja.

"Kaka, ufunguo si unao wewe? Jumamosi shule haina mtu. Mwingize mtoto saa moja tu, ashike hicho kidude."

"Na wale wanane?"

"Wale wanane wana wajomba zao."

Sikulala usingizi wa maana. Nilikuwa nimemfungia mtoto yule mlango kabla sijamjua kama ana akili au hana. Kumfungulia saa moja kulikuwa ni kumlipa. Lakini kila nilipomwona kichwani ameshika bureti, nyuma yake niliwaona wanane wamesimama nje ya dirisha. Asubuhi nilimpelekea mkuu wa shule ufunguo nikamwomba akae nao mpaka siku ya jaribio. Dada aliposikia alinikata jicho, akaniambia nimezaliwa na roho ya kioo. Hakunipigia simu siku kumi, na iliniuma, nisiseme uongo.

Siku ya jaribio walikuja tisa, sare za shule tisa tofauti, zimepigwa pasi hadi zinang'aa. Nilijibanza kwenye kona karibu na sinki. Mwalimu aliwaonyesha mara moja tu, kisha wakaanza.

Sijawahi kuona vioo vinashikwa vile. Walivishika kama mtu anayepokea kichanga. Hakuna aliyepiga soga. Mpwa wangu alishika koki kwa mkono wa kushoto na kutikisa chupa kwa wa kulia, ndivyo inavyotakiwa, na watoto wetu huwa wanakosea muhula mzima. Tone, tone, tone. Rangi ya njano ilipoanza kugeuka waridi alifunga koki na kuachia pumzi.

Nje nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Nyumbani, mjomba. Nilitoboa kifuniko cha chupa ya maji, nikawa nakibana kwa kidole. Tangu kidato cha pili."

Tangu kidato cha pili, na mimi mjomba wake nina kabati zima.

Alishika nafasi ya tatu. Wa tano aliikosa nafasi ya nne kwa alama moja; alikuwa mvulana mrefu aliyetushukuru wote kwa kutushika mikono kabla ya kuondoka, na mkono wake bado nausikia. Sentensi yangu ilifutwa kwenye fomu. Dada alinisamehe kwa masharti, na sharti la kwanza lilikuwa nisimguse binti yake kwa maneno makali maabara. Nilikubali.

Wiki ya pili ya muhula nilisikia mlio ninaoujua hata nikiwa usingizini. Darasa zima likaganda. Mpwa wangu alikuwa amesimama katikati ya vipande, mikono hewani, macho yamemtoka.

"Mjo... mwalimu. Samahani. Imeniponyoka."

Nilifagia. Kisha nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikaandika bureti, nikafika kwenye safu ya jina. Nilikumbuka watoto waliokataliwa kwa miaka kumi na miwili, wasiokuwemo humu. Niliwahi kujisifu kuwa majina yao hayamo kwa sababu nimelinda vioo. Wengine leo ni watu wazima na hawatajua kamwe kwa nini.

Niliandika jina lake polepole, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Safu ya nne, ya shule aliyotoka, niliikata kwa mstari kutoka juu hadi chini.

"Umekasirika, mjomba?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nilikwenda kabatini, nikatoa bureti nyingine, nikampa.

"Shika," nilisema.